Mkwaruzo wa Chumvi

Ieleweke tangu mwanzo kwamba binti huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mshonaji. Lakini mtu anayeshinda siku nzima na pini mdomoni hujifunza kunyamaza, na anayejua kunyamaza, siku akikasirika, ni wa kuogopwa kuliko mbwa anayebweka.

Walikutana sokoni, kwenye kibanda cha matunda, watu wamebanana kama njugu kwenye ganda. Mshonaji alikuwa amevaa gauni la manjano la kazi yake mwenyewe, kiuno kimekaa sawasawa, na mifuko miwili mikubwa kama ya mtu anayetarajia mavuno. Mkono wake ulitua juu ya fungu la mwisho la matufaha ya kijani, yale machachu. Mkono mwingine ukatua juu ya wake. Ulikuwa mkono mpana, wenye masizi kwenye kucha.

"Samahani, dada. Haya ni yangu."

"Yako? Umeyazaa?"

"Nimeyaona kwanza."

"Hata mwezi uliuona zamani, kaka, mbona hujautia mfukoni?"

Muuza matunda akacheka mpaka akaegemea mizani yake. Kijana naye akacheka. Alikuwa na ovaroli ya buluu na bisibisi nyuma ya sikio, kama karani anavyoweka kalamu, na meno meupe yasiyo na hatia yoyote. Hayo meno ndiyo yaliyoleta matatizo yote yanayofuata.

"Kwani unayafanyia nini, machachu hivi?" Mshonaji akauliza.

"Nayakata, nayala na chumvi."

"Chumvi! Kwenye tufaha! Wewe hukulelewa, uliokotwa."

"Basi nilee."

Fungu likagawanywa nusu kwa nusu, na Jumamosi iliyofuata Fundi Oveni, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na jina lake mjini, alikuwa jikoni kwa Mshonaji akiwa amefungwa aproni yenye maua.

Hapo ndipo alipofundishwa mkwaruzo. Matufaha hayamenywi; ganda ndilo linaloshika umbo. Yanakatwa vipande vinene, yananyunyiziwa ndimu, mdalasini, na pilipili manga kidogo sana, ya kushtua tu ulimi. Kisha zinakuja oti, zile zile za uji wa asubuhi, lakini kwanza zinakaangwa kavu kavu kikaangoni mpaka jikoni kunukie kama karanga. Ndipo zinasuguliwa kwa vidole pamoja na siagi baridi, unga na sukari ya kahawia, zikawa chengachenga, zikamwagwa juu ya matufaha, trei ikaingia motoni. Ikitoka, juu ni ganda la dhahabu na chini kunachemka taratibu. Ukilivunja kwa kijiko linalia *kwaru!* Jina likatoka hapo.

"Mbona mchanganyiko wako umekuwa tope?" Mshonaji akauliza, akichungulia bakuli la mwanafunzi wake.

"Mikono yangu ina joto, mpenzi. Ni kwa sababu yako."

"Ni kwa sababu umesahau siagi juani. Rudia."

Alipokula kijiko cha kwanza, kijana alifumba macho kama mtu anayesikiliza simu kutoka mbali.

"Kuna sharti moja," Mshonaji akasema. "Bibi yangu alimpikia babu. Mama alimpikia baba. Kwetu mkwaruzo hapikiwi kila mtu. Anapikiwa yule mmoja pamoja na watu wa nyumba yake, basi. Ukiujua, umefungwa."

"Nimefungwa. Simpikii mtu mwingine, laazizi. Naapa kwa bisibisi yangu."

Akampa bakuli la buluu liwe lake peke yake, na ikawa mapenzi, yale ya kupigiana simu kuulizana umekula nini, na kisha kupigiana tena kuulizana kama kimeshuka vizuri.

*

Balaa lilikuja kwenye duka la ushonaji alikofanya kazi Mshonaji, limevaa hereni. Mteja huyo alikuwa na hereni kubwa kiasi kwamba kasuku angeweza kutua na kulala humo. Mafundi wote wa duka walimwita Mama Hereni. Alikuja kupimwa gauni, na mkononi alikuwa na sahani iliyofunikwa.

"Onjeni, wanangu. Kuna fundi kaja kunitengenezea oveni. Jamani, yule kijana! Kanipikia mwenyewe, jikoni kwangu, kafunga aproni yangu!"

Mshonaji akatia kijiko. *Kwaru.* Oti zilizokaangwa kavu. Ganda la tufaha halijamenywa. Na mwisho kabisa, nyuma ya utamu, pilipili manga, kidogo sana, ya kushtua ulimi.

Aliendelea kupima kiuno cha mteja bila kusema neno. Lakini pini moja ikapotea njia.

"Uwi!"

"Samahani, mama. Imeteleza."

Mama Hereni alipoondoka akijishika ubavu, Mshonaji alipiga simu.

"Kipenzi," Fundi Oveni akaitika, mapigo ya nyundo yakisikika nyuma yake.

"Uko wapi?"

"Kazini, roho yangu. Nahangaika na koili ya oveni hapa, imekataa kupata joto upande mmoja."

"Hupiki?"

"Mimi? Nipike nini? Niko na grisi mpaka kwenye nyusi!"

Na hapo hapo, kutoka ndani ya simu, sauti nyororo ya mwanamke ikaimba: "Fundi! Imeiva! Njoo uonje na wewe!"

Mshonaji akakata simu kwa upole mkubwa. Upole huo ulimtisha jirani yake wa cherehani, msichana aliyeitwa Kidomo kwa sababu zilizo wazi.

"Shoga, muulize kwanza," Kidomo akasema.

"Kumuuliza ni kumpa nafasi ya kudanganya."

"Labda kuna maelezo."

"Yapo. Atayatoa akiwa analia."

Mtu mwenye akili timamu angeuliza. Lakini akili timamu haijawahi kumpa mtu raha ya kisasi, na Mshonaji alitaka raha yake kamili, yenye pindo na vifungo. Jumapili ile alikuwa amealikwa kwa mama yake Fundi Oveni, chakula cha mchana, kuonana kwa mara ya kwanza. "Uje na mkwaruzo," kijana alikuwa amemsihi. "Nimemwambia mama wewe ndiye." Vizuri. Angekuja nao.

Alipika trei mbili. Ya kwanza, kubwa, ilikuwa tamu kama kawaida, kwa ajili ya mama na ndugu, kwa maana hukumu haigusi wasio na hatia. Ya pili aliipika ndani ya bakuli la buluu. Palipostahili sukari akatia chumvi. Palipostahili mdalasini akatia pilipili kali ya unga, nyekundu kama aibu. Ndimu akaiacha, akatia siki. Oti akazikaanga vizuri sana, kavu kavu, kwa upendo wote uliobaki, kwa sababu hata mnyongaji hodari hupiga pasi shati lake.

Mpango ulikuwa mwepesi. Ale mbele ya mama yake. Ateme. Kisha yeye asimame, anyooshe gauni, aseme maneno aliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo: "Hiyo ndiyo ladha ya ahadi yako." Halafu atoke bila kugeuka. Gauni la kijani alilolivaa alikuwa amelishona hasa kwa ajili ya kutoka. Lilipendeza zaidi kwa nyuma.

*

Mama yake Fundi Oveni alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni na macho yaliyokuwa yakiona bila hiyo miwani. Alimkumbatia Mshonaji mlangoni, akamzungusha mara moja kuangalia pindo.

"Mshono umenyooka. Karibu, mkwe. Na usiseme sijakuita mkwe, nimeshakuita."

Mezani walikuwa wao wawili, mama, na dada mkubwa wa kijana, mwalimu wa hesabu aliyekula kimya akimsahihisha kila mtu kwa macho. Kijana alikuwa amevaa shati jeupe na amejikwaruza grisi kwenye kucha mpaka zimekuwa nyekundu. Alimtazama Mshonaji kama mtu aliyeshinda bahati nasibu bila kununua tiketi. Mshonaji akatazama kichupa cha chumvi mezani.

Chakula kikaisha. Trei kubwa ikawekwa katikati. Bakuli la buluu likawekwa mbele ya kijana.

"Lako," Mshonaji akasema kwa sauti ya asali. "Peke yako."

Mama akavunja ganda. *Kwaru.* Akatafuna, akatikisa kichwa.

"Kumbe ndivyo unavyotakiwa kuwa! Huyu mwanangu amenilisha wa kwake mpaka nimechoka. Unajua zamani alikuwa anapima oveni kwa vipande vya mkate? Anavipanga ndani, anaangalia wapi vinaungua. Tangu akujue wewe, hapimi kwa mkate tena. Kila oveni anayoitengeneza lazima aipikie mkwaruzo."

Kijiko cha Mshonaji kikasimama hewani.

"Oti zinasema ukweli kuliko mkate, mama," kijana akaeleza, akichota chake. "Upande wenye joto jingi zinaiva haraka, unaona kabisa mpaka wa rangi. Kile chakula namwachia mteja, si cha kutupa."

"Nusu ya mji wanamwita Fundi Matufaha," dada akasema.

"Na kila mteja ananilalamikia mimi," mama akaendelea. "Yule wa hereni kubwa juzi kanipigia: 'Mwanao kazi anaijua, lakini mdomo! Kutwa mshonaji wangu hivi, mshonaji wangu vile.' Akanitajia na duka anakoshonewa; hakujua hata kwamba mshonaji mwenyewe ndiye anayemshonea."

Mshonaji akaweka kijiko chini. Alimwona, polepole kama mtu anayetazama glasi ikidondoka, kijana akiinua kijiko.

"Usile!"

Lakini kijiko kilikuwa kimeshaingia.

Uso wa Fundi Oveni ulipitia rangi ambazo hakuna kitambaa dukani kilichokuwa nazo. Macho yakajaa maji. Akamtazama Mshonaji, akatazama bakuli, akamtazama tena. Na kwa kuwa hakuwa mjinga, alielewa kwamba hilo halikuwa kosa la mpishi. Alikuwa ameshtakiwa, amehukumiwa na amelishwa adhabu.

Akameza.

"Mbona asile?" mama akauliza. "Kuna nini?"

"Ni... moto," Mshonaji akanong'ona. "Bado ni wa moto."

"Ni wa moto kweli," kijana akasema, sauti imekwaruza. Akachota kijiko cha pili.

"Hebu nionje wa kwako," mama akasema, akinyoosha mkono. "Kwa nini upikiwe peke yako kama mfalme?"

Kijana akalikumbatia bakuli kwa mikono yote miwili. "Hapana, mama! Huu ni wangu. Tuliahidiana."

Akala. Cha tatu. Cha nne. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kola. Machozi yakadondoka ndani ya bakuli, kana kwamba lilikuwa limepungukiwa chumvi. Mshonaji alimkanyaga mguu chini ya meza, akimwomba aache, naye akaendelea mpaka akakwangua bakuli kwa kijiko.

Mama alivua miwani, akaifuta. "Mwanangu," akasema. "Analia kwa mapenzi. Baba yako hakuwahi kulia kwa chakula changu."

"Huenda hakuwa na sababu," dada akasema, akimtazama Mshonaji kwa namna ya mwalimu anayejua nani amenakili.

*

Jikoni, kijana alikuwa ameinamia sinki, anakunywa maziwa kutoka kwenye jagi lenyewe.

"Ulisema unapenda tufaha na chumvi," Mshonaji akasema, kwa sababu hakujua jinsi ya kuanza.

"Nilisema chumvi. Sikusema jehanamu."

"Uliahidi hutampikia mtu mwingine."

"Sikumpikia mtu!" Akageuka, masharubu ya maziwa mdomoni. "Niliipikia oveni! Ungeniuliza!"

"Kwenye simu ulisema hupiki."

"Kwa sababu nilikuwa sipiki, mahabuba. Nilikuwa napima joto!"

Na ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli. Kichwani mwake hiyo haikuwa kupika hata kidogo. Mshonaji akamtazama mwanamume huyu, midomo imevimba kama ya aliyeng'atwa na nyuki, na yale maneno aliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo yakamtoka kabisa.

"Kwa nini ulimaliza bakuli?"

"Mama angeonja. Angekuchukia milele. Mama hasahau, bado hajamsamehe muuza samaki mmoja wa ujana wake."

"Nisamehe."

"Hapana," akasema, akaweka jagi chini. "Kwetu tunalipiza."

Wiki nzima hakupiga simu. Mshonaji alikosea mikono miwili ya koti, akashona mfuko ukafungika juu. "Ulisema hutamuuliza," Kidomo akamwambia. "Sasa hata wa kumuuliza huna." Akaambiwa anyamaze, akanyamaza kwa muda wa kutunga uzi.

Jumamosi Fundi Oveni alisimama mlangoni pa duka, ovaroli safi, bisibisi sikioni, bakuli la buluu mikononi likifuka moshi. Mafundi wote wakaacha cherehani. Akaliweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, pamoja na kijiko.

"Kula."

"Umetia nini?"

"Kula bila kuuliza. Wewe si ndiye usiyependa kuuliza?"

Mshonaji akashika kijiko. *Kwaru.* Akafumba macho kama anayekunywa dawa, akatia mdomoni, akangoja moto.

Ulikuwa mtamu. Oti zimekaangwa kavu kavu, siagi haikuwa tope, na pilipili manga ilikuwa pale pale inapotakiwa.

"Sasa kisasi kiko wapi?" akauliza, machozi yakimlenga.

"Siku moja nitatia chumvi," kijana akasema. "Sisemi lini. Inaweza kuwa mwaka huu, inaweza kuwa tukiwa na mvi na wajukuu. Ili kikupate, itabidi ukae na mimi maisha yako yote." Akaishika bisibisi ya sikioni. "Utakaa?"

Kidomo akadondosha mkasi.

"Wewe ni mtu katili," Mshonaji akasema.

"Nimefundishwa na fundi."

"Nitakaa. Lakini nami sijasema nimemaliza."

Gauni la harusi alilishona mwenyewe, na hilo lilipendeza pande zote, kwa maana halikuwa na mpango wa kutoka. Na kila Jumamosi bakuli la buluu likiwekwa mezani, yeye huchota kidogo, hugusa kwanza kwa ncha ya ulimi, hungoja, ndipo humeza. Mumewe hukaa upande wa pili akimtazama, bisibisi sikioni, akitabasamu kama mtu ambaye hana haraka yoyote.