Mtungi wa Shaba Juu ya Meko

Kila Jumamosi asubuhi Mama Concilie alivua sare ya hoteli, akanywa chai yake akiwa amesimama, kisha akamwambia binti yake, "Kethia, viatu. Twende mitumba." Duka la vitu vilivyotumika halikuwa mbali na nyumba zao za kupanga pale Euless, huko Marekani, na Mama alilijua kama jiko lake. Sheria yake ilikuwa moja: hununui kitu hujakikagua. Sufuria, pindua. Kiatu, tia mkono ndani. Chenye kifuniko, fungua.

Jumamosi hiyo walikuwa na shughuli hasa. Noveni ya Noeli, zile siku tisa za sala, ilikuwa imeanza, na jumuiya yao ya Warundi ilisali kila jioni nyumbani kwa mmoja wao. Zamu ya kina Kethia ilikuwa Ijumaa. Sebuleni kwao kulikuwa na meko ya ukutani, ambayo mwenye nyumba alikataza isiwashwe, na juu ya meko hiyo rafu ndefu ya mbao. Kethia, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa ameomba sana aachiwe kuipamba peke yake.

"Haya," Mama alikuwa amekubali. "Lakini ukiniaibisha mbele ya wageni, shauri yako."

Dukani Kethia alichagua vinara vya mishumaa, kitambaa cha lesi na utepe mwekundu. Kisha akauona mtungi mdogo wa shaba, umechongwa majani pande zote, unang'aa kweli kweli. Alijaribu kuufungua, kifuniko kikagoma. Foleni ilikuwa imefika kwao.

"Huo umeufungua?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Ni mtupu."

Uongo ulimtoka hivyo hivyo, bila hata kufikiri. Aliogopa tu kunyang'anywa mtungi wake. Nyumbani aliuweka katikati ya rafu, nyuma ya Mtoto Yesu na kondoo wake wa plastiki. Mama akasimama mbali, akashika kiuno, akafurahi. "Noeli ikipita, nitatia sukari humo," alisema.

Jumanne akaja Cherotich, rafiki yake Mkenya wa ghorofa ya chini. Hata kukaa hakukaa.

"Wee! Kethia, huyo ni nani?"

"Nani yupi?"

"Huyo mwenye yuko ndani ya mtungi. Hujui? Hapa watu wengine hawaziki kama sisi. Wanachoma mwili, halafu majivu wanaweka kwa kitu kama hiyo. Mamangu ni nesi kwa nyumba ya wazee, nimeziona huko."

Kethia alicheka. Kisha akauchukua mtungi, akautikisa kidogo. Kitu kilisogea ndani, kizito kama mchanga. Waliupindua wakaona jina limechorwa chini: Ruth. Kethia akaurudisha haraka kwenye rafu.

"Mwambie mama yako," Cherotich alisema.

"Nitamwambiaje? Nilimwambia ni mtupu!"

Tangu hapo mtoto wa watu hakuwa na raha. Chakula alikiacha sahanini. Akiwa sebuleni alikaa ameipa meko mgongo, na akiwa chumbani alihisi anaitwa. Alifikiria wageni wamepiga magoti, rozari mkononi, mbele ya marehemu wasiyemjua. Mama alimshika paji la uso mara mbili kuona kama ana homa.

Alhamisi jioni Mama aliingia na pakiti ya sukari. "Kwa nini tungoje Noeli ipite? Kesho wageni watachota sukari kwenye mtungi ule mzuri. Ngoja nifue nguo kwanza, halafu niuoshe."

Loo! Kethia alisubiri Mama ateremke na kapu la nguo, akaukumbatia mtungi, akatoka mbio hadi kwenye pipa kubwa la taka nyuma ya nyumba. Akanyanyua mfuniko wa pipa. Kulikuwa na nepi na mabaki ya piza. Alisimama pale. Huyu Ruth alikuwa mama wa mtu, au bibi wa mtu. Atamtupa na nepi? Machozi yakamtoka. Akarudi.

Mama alikuwa mlangoni. "Unatoka wapi na mtungi wangu?"

Kethia alisema yote, akilia, maneno yakikanyagana. Mama alifanya ishara ya msalaba, akakaa pale pale sakafuni.

"Mtu? Nyumbani kwangu? Na hatujamwombea hata sala moja!"

Aliinuka akawasha mshumaa, wakamsalia Ruth pamoja. Kuhusu uongo hakusema neno, na hilo lilimtisha Kethia kuliko kufokewa.

Ijumaa asubuhi walirudi dukani. Kiingereza cha kazini Mama alikuwa nacho, lakini alimsukuma binti yake mbele. "Wewe ndiye utakayesema."

Muuzaji aliposikia jina Ruth alishika kinywa, akakimbilia simu kumwita mwenye mtungi. Punde akaingia mzee wa Kimarekani, shati limefungwa vifungo upandeupande. Watoto wake walikuwa wamemsaidia kuhama, wakaliweka kwa makosa boksi lenye mtungi miongoni mwa vitu vya kutoa dukani. Aliupokea kwa mikono miwili, akaubana kifuani, akalia bila kujificha.

"Mke wangu alikuwa wapi?"

"Juu ya meko yetu," Kethia alijibu. "Tulimsalia."

Mzee akainamisha kichwa kwa shukrani. Kisha akauliza, "Mlijua lini kwamba ni yeye?"

Kethia alimtazama Mama. Mama hakumsaidia.

"Mimi nilijua tangu Jumanne," alisema kwa sauti ndogo. "Niliogopa kusema. Nisamehe."

 Mzee alionyesha kiti karibu na mlango. "Jumanne nilikaa pale mpaka wakafunga, nikingoja mtu amrudishe. Jumatano pia. Jana nilijiambia ametupwa." Akapangusa macho, akamgusa Kethia begani. "Lakini umemleta. Nimekusamehe."

Ndani ya gari Mama hakuwasha injini mara moja.

"Nilikusikia ukimjibu. Ulisema kweli na hukuzunguka. Hiyo nimeipenda," alisema. "Sasa nisikilize. Uliponiambia mtungi ni mtupu, ulidhani unanidanganya mimi tu. Kumbe kuna mtu usiyemjua, anakaa mlangoni anangoja. Ukikosea, njoo uniambie siku hiyo hiyo. Nitafoka, ndiyo, lakini kufoka kwangu kunaisha. Zile siku za mzee wa watu, nani atamrudishia?"

 Kethia aliinama akalia, na Mama akamwacha alie.