Kufuli Lililozibwa kwa Nta

Siku ile ilianza kama siku zote za Fundi Hakuna: kwa kumdharau mtu. Asubuhi alimfungulia mwenye duka mmoja aliyevunjia ufunguo mlangoni mwake mwenyewe, na muda wote waya ukiwa tunduni alimuuliza kama hata chakula hulishwa. Alipolipwa akarudi nyumbani kwa miguu. Watu wenye akili zao hupita darajani. Yeye alikatiza mtoni, kwa sababu kiangazi kilikuwa kimeushusha mto hadi magotini, na kwa sababu madaraja, kwa maoni yake, yalijengwa kwa ajili ya waoga.

Jina la Hakuna alijipa mwenyewe bila kujua. "Hakuna kufuli linalonishinda," ndiyo iliyokuwa salamu yake, kwaheri yake na dua yake. Mtaa ukachukua neno la kwanza, ukamwachia hayo mengine. Kilichomuuma hakikuwa hicho. Wanaume wa rika lake wote walikuwa baba fulani, na yeye, miaka nenda miaka rudi, alikuwa Fundi tu. Hata mkewe alimwita Fundi, maana hakuwa na jina la mtoto la kumwitia.

Makosa yote akamtwika mkewe. "Nimeoa ghala tupu," alisema mbele ya wageni, huku yule mama wa watu akiwapakulia. Kupimwa yeye? Thubutu! Na mwezi ule alikuwa ameshatoa hukumu: mvua za kwanza zikinyesha, mke afungashe, arudi kwao. Kwao kulibaki kaka mmoja na wifi asiyetaka hata kumwona. Mke akawa anaangalia mawingu kila asubuhi, akiomba yasije.

Basi katikati ya mto Fundi alikanyaga kitu kigumu. Akakiinua. Lilikuwa kufuli la chuma la zamani, kubwa kama kiganja, limefungwa, limevimba kwa kutu. Mwingine angelitupa. Fundi wa makufuli hawezi. Kufuli lililofungwa kwake ni tusi.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kimetenganishwa na chumba cha ndani kwa pazia. Alililoweka kufuli kwenye mafuta ya taa, akalisugua kwa brashi ya waya, akalipaka ndimu, akarudia kwa msasa, kisha akalianika juani siku mbili. Kutu ilitoka nyekundu, kisha nyeusi. Chini yake chuma kilikuwa kizima. Tundu la ufunguo tu ndilo lililogoma. Lilikuwa limezibwa kwa nta, na ndani ya nta mlikuwa na nywele ndefu zilizosokotwa na ncha ya ufunguo uliovunjika.

Mshona viatu, aliyekuwa na kiti chake kibarazani hapo nje, alinyoosha shingo. "Fundi, hilo halikupotea. Hilo limetupwa."

"Wewe shona kandambili."

"Nakwambia. Ona, na ufunguo umevunjiwa humohumo. Mtu afunge, avunje ufunguo, azibe na nta, kisha atupe mtoni? Huyo hakutaka lifunguliwe."

"Wajinga wa namna hiyo ndio wanaonilisha," alijibu Fundi, akachokonoa nta.

Mkewe alisogeza pazia. Aliziona zile nywele mezani. "Ni za mwanamke," alinong'ona. "Fundi, lirudishe."

"Za kwako zimeshanitia mkosi wa kutosha. Rudi ndani."

Mdharau mwiba mguu huota tende. Lakini nani angemwambia? Alishika koleo nyembamba, akabana kipande cha ufunguo, akakivuta taratibu kama anayetoa mwiba. Kikatoka. Kufuli likafunguka lenyewe.

Maji yakaanza kuchuruzika tunduni. Yakalowesha meza. Yakadondoka sakafuni. Kufuli lile lilikuwa limekauka juani tangu juzi, na maji yaliyotoka yangejaza ndoo.

"Hakuna kufuli linalonishinda," alisema Fundi. Kile kipande cha ufunguo akakitupa dirishani, kikaangukia mtaroni. Takataka.

Hapo hapo mvua ikashuka. Mchana kweupe, kiangazi bado, bila wingu la kutangulia. Mtaro ukajaa na kubeba kila kilichokuwemo. Mshona viatu akakusanya viatu vyake, akakimbilia kwake. Fundi akageukia pazia.

"Umeisikia mvua hiyo? Fungasha."

Sauti ya khanga zikikunjwa ilisikika.

"Hodi," alisema mtu mlangoni.

Alikuwa mwanamke mjamzito. Tumbo lilikuwa kubwa kupita kiasi, limeshuka, naye amelishika kwa mikono miwili. Alikuwa amelowa, lakini si kwa mvua. Nguo zake zilitiririka matope ya mtoni. Vidole vyake vilikuwa vyeupe na vimejikunja, kama vya mtu aliyefua kutwa nzima.

"Ni nani aliyefungua?" aliuliza.

"Mimi. Kwani una jingine?"

"Nimebeba muda mrefu, baba. Mrefu sana. Nipeni pa kulala."

"Hapa si hospitali," alisema Fundi. "Na mimi si baba yako."

Mke alikwisha kutoka. Alimtazama yule mwanamke, akamtazama mumewe kwa jicho ambalo hakuwahi kumtazama nalo. "Pita, dada," alisema. Akamshika mkono, akampitisha ndani. Pazia likarudi mahali pake.

Fundi akabaki mezani. Alisikia mkeka ukitandikwa. Alisikia mkewe akisema, polepole, "Sukuma, dada. Sukuma." Alisubiri kilio cha mtoto. Hakikuja. Alisikia maji. Maji mengi, yakienda.

"Nimechoka," ilisema ile sauti. "Nishikie."

"Lete," alijibu mkewe.

Maji yakapita chini ya pazia. Yakamfikia miguuni. Yalikuwa ya vuguvugu.

Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa sana. Lakini mwenye kiburi hajui kuogopa kama watu wengine. Hofu yake hugeuka hasira. "Uchafu gani huu nyumbani kwangu!" alifoka. Akalikamata lile kufuli. Akalibana kwa mikono miwili.

Ka!

Likajifunga.

Maji yakasimama. Mvua ikakatika. Kimya.

Fundi akasogeza pazia. Mgeni hayupo. Dirisha lina nondo, na mlango wa chumba kile ni mmoja tu, huohuo wenye pazia. Mkeka ulikuwa umejaa mchanga wa mtoni. Mkewe amelala juu yake, peke yake, amelowa, macho wazi. Tumbo lake lilikuwa kubwa, limeshuka, naye amelishika kwa mikono miwili.

"Ulitaka mimba, Fundi," alisema. "Basi fungua nizae."

Mvua za msimu zimekuja na kupita, zikaja tena, zikapita. Mke hakufungashwa. Hajazaa pia. Wakunga hupapasa lile tumbo, hunawa mikono, huondoka bila kuaga. Na Hakuna ameshindwa na kufuli. Alipotia waya tunduni, ncha iligusa kitu laini. Kitu kile kikarudi nyuma. Na huko ndani mkewe akapiga yowe, akajikunja. Siku nyingine alijaribu msumeno wa chuma. Alipitisha mara moja tu, kisha akaitwa akaone damu kwenye khanga. Tangu hapo msumeno hajaugusa. Huonekana mtaroni, amekunja suruali, anachekecha matope akitafuta kipande cha ufunguo, na watoto wanaotoka shule humwimbia, "Hakuna! Hakuna!" Mshona viatu haimbi, ila hujificha nyuma ya kiatu akicheka, na kusema kweli ni haki yake.

Mke haangalii mawingu tena. Hukaa mlangoni, amenyoosha miguu, na kila mteja akija huita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Mtumieni mwingine. Huyu kufuli la nyumbani kwake limemshinda."

Kila asubuhi kufuli huota kutu upya, na kila asubuhi Fundi hulisugua. Chini ya tundu, mezani, hukuta kipande cha ukucha. Vya mwanzo vilikuwa laini, vyembamba kama ganda la kitunguu. Kisha vikakomaa. Cha jana kilikuwa kipana kama ukucha wa dole gumba lake mwenyewe, na kilikuwa kimetafunwa kwa meno.