Ukuta Usiokauka Rangi

Basi lilipofungua mlango mbele ya Jiko la Jirani, ukumbi wa kulisha wenye njaa pale Footscray, Melbourne, walishuka watu kama thelathini wamevaa fulana za rangi ya chungwa zinazofanana, kila mmoja na kikombe cha kahawa mkononi. Tegan Mulcahy aliwatazama kutoka mlangoni, akaegemea fremu ya mlango. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amechoka tu, uchovu ule wa mtu ambaye kutabasamu ni sehemu ya kazi yake.

"Karibuni sana!" alisema kwa ile sauti yake ya wageni. "Leo mtatusaidia kupaka rangi ukuta."

Wakashangilia. Makampuni ya Melbourne huwapa wafanyakazi wao siku moja kwa mwaka ya kwenda kutenda wema, mshahara ukiendelea kuingia, na mtu mwenye siku moja tu ya wema hataki kuimaliza jikoni akimenya viazi. Anataka kitu kitakachoonekana kwenye picha. Tegan alikuwa mratibu wa watu wa kujitolea kwa miaka mingi, na hilo alikuwa amelijua zamani. Ndiyo maana aliwapa ukuta wa nyuma, ule unaotazama reli. Benki waliupaka buluu. Watu wa simu wakaja wakaupaka kijani. Wanasheria waliupaka nyeupe, maana wanasheria hawapendi kujifunga. Leo ilikuwa zamu ya kampuni ya bima, na bima walikuwa wamekuja na rangi yao ya chungwa.

Uani palikuwa vurugu tupu, ngazi huku, ndoo kule, watu wakipigana picha kabla hawajachovya brashi. Tegan alikuwa akipita katikati yao na kreti la vitunguu, mara mwanamume mmoja akarudi kinyumenyume akamgonga. Vitunguu vikatawanyika mpaka chini ya basi.

"Pole! Pole sana, dada. Nilikuwa naangalia ukuta."

"Ukuta haukimbii. Okota vitunguu."

Akapiga magoti, akaokota. Alikuwa mrefu, mvi zimeanza kumchungulia masikioni, na miguuni alivaa raba nyeupe mpya zisizowahi kuona matope. Fulana ya kampuni ilikuwa imevalishwa juu ya shati la ofisini lililopigwa pasi vizuri. Tegan alijitazama: aproni yenye madoa ya supu, buti za marehemu baba yake, nywele zimefungwa kwa kibanio cha mfuko wa mkate. Ah, potelea mbali.

"Naitwa Lefteris," alisema yule bwana, bado kapiga magoti. "Nikuulize kitu? Mbona ukuta wenu mnene kama godoro?"

"Nani kakwambia?"

Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na kipande cha rangi alichokibandua kwa ukucha, na pembeni tabaka zilionekana moja juu ya nyingine. "Nyeupe, kijani, buluu... na hii ya waridi?"

"Kampuni ya vipodozi," Tegan alijibu kabla hajajizuia. Kisha kicheko kikamtoka, kikubwa, cha tumboni, mpaka watu wa bima wakageuka.

Akamvuta kando ya mapipa ya taka, akamwambia kweli yote. Kwamba ukuta hauna haja ya rangi. Kwamba kila Jumanne mikate na mboga huchukuliwa sokoni alfajiri, humenywa, hupikwa, na jioni ukumbi hujaa watu wenye njaa, na mikono ya kumenya hana. "Watu wa ukuta ninao tele. Watu wa Jumanne sina."

"Si uwaambie?"

"Nikiwaambia hawarudi. Wakipaka, wanafurahi, na wakifurahi wanatuma friji, wanatuma mchele. Ukuta ule unalisha watu, Lefteris." Akakichukua kile kipande cha rangi, akakitia katika mfuko wa shati la Lefteris, chini ya fulana. "Kaa nacho. Ni siri ya mimi na wewe."

Jumanne iliyofuata, Lefteris akatokea, ameomba likizo yake mwenyewe. Akakabidhiwa kisu na gunia la viazi. Mpishi, Bi Lien, mwanamke wa Kivietinamu mwenye miaka sabini na ulimi wa pilipili, alimtazama akimenya.

"Tegan! Huyu mtu wako anamenya mpaka kiazi kinabaki kama gololi."

"Si mtu wangu, Bi Lien."

"Basi mwambie akate bima ya moyo mapema."

Jumanne zikafuatana. Lefteris akaanza kumpigia Tegan simu jioni.

"Unafanya nini, bosi wa viazi?"

"Nimelala sakafuni. Kitanda kiko mbali."

"Nije nikubebe?"

"Njoo na supu. Kubebwa tutaona."

Alikuja na supu ya ndimu na mayai aliyofundishwa na mama yake, wakainywa wamekaa sakafuni migongo ikiegemea kitanda, na Tegan akasinzia begani kwake kijiko kikiwa mkononi. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Hakukumbuka mara ya mwisho mtu mwingine kuosha bakuli zake. Alimpenda, basi, hana la kuficha.

Wakati huo kampuni ya bima ilikuwa imeahidi kulinunulia Jiko gari jipya lenye jokofu. Gari la zamani lilikuwa linakata roho. Siku za joto maziwa yalifika yamechacha. Tegan aliliota lile gari jipya kama wengine wanavyoota nyumba ya ufukweni.

Kisha Lefteris akapiga simu mchana wa kazi, anahema kwa furaha.

"Mpenzi, nimewaambia!"

"Umewaambia nini?"

"Ukuta! Nimesimama mkutanoni mbele ya wakubwa wote, nikaweka kile kipande mezani. Nikasema, jamani, tazameni, tunapaka rangi juu ya rangi, wenzetu wanataka watu wa Jumanne. Tegan? Upo?"

Tegan alikuwepo. Alikuwa amekaa juu ya ndoo ya mafuta ya kupikia.

Kesho yake bibi mmoja wa kampuni akampigia, sauti laini kama sabuni. Wafanyakazi wao walikuwa wameumia, alisema. Walijiona wamechezewa. Kwa hiyo gari lingepelekwa kwenye makazi ya mbwa waliotupwa, ambako kulikuwa na vibanda vinavyohitaji rangi kwelikweli.

Lefteris alikuja jioni ile na maua. Tegan alimpokea uani, mikono kifuani.

"Nilisema kweli," alisema Lefteris. "Kwa ajili yako."

"Kweli ilikuwa yangu. Nilikupa uishike, sikukupa uigawe."

"Wewe mwenyewe umechoka na uongo huu! Kila siku unasema."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini watu wamekula! Wewe umesema kweli yako, na Jumanne mimi nitawapa nini? Maua haya?"

Treni ya Werribee ikapita nyuma ya ukuta, ikawanyima kusikilizana. Ilipokwisha kupita Tegan alikuwa keshaingia ndani, na mlango umefungwa.

Lefteris alipiga simu, Tegan hakupokea. Majira ya baridi yakaingia na mvua zake nyembamba za mshazari. Gari la zamani likafa barabarani, katikati ya makutano, likiwa na kabichi tupu. Tegan na Bi Lien wakawa wanavuta mikate kwa toroli la dukani kutoka sokoni, bibi wa miaka sabini na mwenzake aliyejiona ana miaka mia.

"Mpigie," Bi Lien alisema siku moja, wamesimama kupumzika chini ya daraja.

"Simtaki."

"Sikuuliza unamtaka. Ana mikono miwili."

Tegan hakupiga simu. Lakini Jumanne moja kabla hawajatoka na toroli, gari likaingia uani likikohoa. Lilikuwa gari la samaki, ubavuni limechorwa pweza aliyefifia. Akateremka Lefteris, amevaa sweta lililotoboka kiwiko. Zile raba zake zilikuwa na matope.

"La mjomba wangu," alisema. "Amestaafu, lilikuwa linaoza nyuma ya nyumba yake. Jokofu linafanya kazi ukilipiga teke."

"Kampuni wamekutuma?"

"Kampuni hawajui. Nimeomba nifanye kazi siku nne kwa wiki. Jumanne ni yangu." Akasita, akavua kofia. "Tegan, nimefikiri sana. Siku ile mkutanoni sikusema kwa ajili yako tu. Nilitaka wanione mimi ndiye mwema kuliko wote mle chumbani. Nikatumia kitu chako kujipamba. Nimekosa. Ukitaka niondoke, funguo hizi hapa, baki na gari."

Tegan alitaka kumpiga, alitaka kumkumbatia, na hakuwa na nguvu za lolote kati ya hayo mawili.

"Mikate iko sokoni," alisema. "Utachelewa."

Jioni ile mzee mmoja mezani alinusa mkate wake, akauliza kama leo ni sikukuu ya pweza. Ukumbi ukacheka. Jumanne iliyofuata gari lilikuwa limesuguliwa kwa siki, na harufu ikabaki vilevile. Lefteris alimenya viazi, akaosha masufuria, akaaga, akaenda zake. Jumanne nyingine hivyohivyo. Hakuomba chochote. Bi Lien alisema sasa viazi vyake vimeanza kufanana na viazi.

Mvua za baridi zilikuwa zinaelekea ukingoni simu ya ofisi ilipolia, mlango uko wazi, na Lefteris anafuta meza ukumbini. Tegan akaweka sauti yake ya wageni.

"Jiko la Jirani, karibu... Ndiyo... Watu arobaini? Mungu awabariki."

Ilikuwa kampuni ya vifaa vya ofisi. Walisikia kuna ukuta. Walikuwa na rangi ya zambarau, ndoo sita, na walipenda sana kuja.

Tegan alitazama dirishani. Ukuta ulikuwa pale, wa chungwa, umeanza kubabuka pembeni. Ilikuwa rahisi kusema karibuni. Neno moja tu, na labda gari lingekuja mwaka huu. Ukumbini kitambaa cha Lefteris kilikuwa kimesimama katikati ya meza. Hakugeuka. Hakumwambia la kusema.

"Ndugu yangu," Tegan alisema, na sauti ya wageni haikuwepo tena, ilikuwa yake mwenyewe, ya kuchoka. "Ukuta umepakwa mara nyingi mno. Hauhitaji rangi. Ninachohitaji ni watu wawili kila Jumanne, wamenye vitunguu. Wawili tu, si arobaini. Watatoka machozi na picha haitapendeza." Akasikiliza. "Naelewa. Zungumzeni kwanza, mtanijulisha."

Akakata simu.

"Wamesemaje?" Bi Lien alipaza sauti kutoka jikoni.

"Watafikiria."

"Hawaji hao."

"Labda."

Tegan akatoka ukumbini, akavuta kiti, akakaa mbele ya Lefteris kama mzigo unaotuliwa. Lefteris akatia mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha rangi, kimevunjika kona, akakiweka mezani katikati yao.

"Walikiacha mezani siku ile. Nilikirudia baada ya mkutano. Ni chako."

Tegan alikigeuzageuza. Buluu, kijani, nyeupe, na ile waridi iliyowakutanisha. Akainama, akakitia tena katika mfuko wa shati la Lefteris, akaacha mkono pale, juu ya kifua, mpaka akasikia moyo unavyokwenda.

"Kesho utakuja?"

"Kesho si Jumanne."

"Najua," alisema Tegan. "Njoo na supu."