Kumi na Mbili Nukta Saba

Kila Jumamosi baada ya kifungua kinywa, Heledd alikwenda kwa babu yake, nyumba chache kutoka kwao, kule Blaenau, mji wa machimbo ya mawe, ambako mapaa yote ni ya mawe meusi na mvua haina adabu. Alimkuta Babu Emrys kitini kando ya jiko, akihema kama mtu aliyetoka kupanda mlima. Vumbi la machimbo lilikuwa limemla mapafu, na usiku hakuweza kulala bila mashine ya kumsaidia kupumua.

"Betri yangu inasemaje?" Babu aliuliza hata kabla ya salamu.

"Hebu mwache mtoto avue koti!" Bibi Eluned alimkemea. "Mzee wewe, hiyo betri unaibembeleza kuliko mimi."

"Wewe hujawahi kuzimika, Eluned. Sijui hata swichi yako iko wapi."

Betri hiyo ilikuwa ya karavani, ile nyumba yao ndogo ya magurudumu iliyoegeshwa uani. Ndiyo iliyowasha taa na kusukuma maji walipolala mbali na umeme, na sasa ingeendesha pia mashine ya Babu. Zamani Babu aliitunza mwenyewe. Majira haya ya baridi mikono yake ilikuwa imeishiwa nguvu, akampa Heledd kazi: aitoe, aiweke gereji, aichaji kila mwezi, kisha aipime volti kwa mita.

"Mwezi huu inasoma ngapi?"

"Kumi na mbili nukta saba, Babu."

"Safi kabisa, imejaa, fundi wangu!"

Ulikuwa uongo. Heledd aliipima mara moja tu, mwanzoni. Betri ilikuwa nzito, mvua ilikuwa ikimwagika, akaiacha mlemle ndani ya karavani, na king'ora cha kuzuia wezi kikawa kinainyonya kidogo kidogo. Kila mwezi alirudia namba ileile kwa sauti tamu, kisha akakimbilia mpirani.

Babu alikuwa na ombi moja. Pasaka alitaka waende kwenye uwanja wa mkulima karibu na Aberdaron, ambako yeye na Bibi walikwenda kila mwaka tangu wakiwa wachumba. Pale hapakuwa na umeme, ila nyasi na bahari.

"Nataka kuamka asubuhi moja nikione kisiwa cha Enlli dirishani," alisema. "Moja tu. Sitadai ya pili."

Siku moja kabla ya safari Heledd aliichaji betri haraka haraka. Chaja ikaonyesha imejaa, naye akashusha pumzi. Hakujua kwamba betri iliyoachwa tupu majira yote ya baridi huharibika ndani. Hujaa upesi na kuisha upesi.

Walifika Aberdaron alasiri. Bibi alikata mkate wa zabibu, akapaka siagi, kisha akaijaribu mashine kabla jua halijatua. Ikanguruma kidogo, ikapiga kelele, ikanyamaza. Taa nazo zikafifia, zikafa.

"Haiwezekani," Babu alisema. "Miezi yote imesoma kumi na mbili nukta saba." Akamtazama Heledd. Heledd akatazama viatu vyake.

Bibi alipiga simu huku na huku. Ilikuwa Pasaka, viwanja vyote vya karavani vyenye umeme vimejaa. "Huwezi kulala bila mashine, Emrys. Turudi nyumbani."

Babu hakubisha. Alipanda gari, akageuza uso mara moja kutazama baharini. Ukungu ulikuwa umekifunika kisiwa.

Wiki iliyofuata alilazwa hospitalini. Heledd alisimama kando ya kitanda chake.

"Babu, sikuichaji. Nilikudanganya. Kila mwezi."

Babu aligeuza kichwa juu ya mto, akamtazama. "Nilipaswa kung'amua," alisema. "Hakuna betri inayosoma namba moja majira yote ya baridi. Lakini aliyesema ni wewe, na wewe sikupimi kwa mita."

Heledd akaangua kilio. Babu akamshika mkono.

"Nunueni nyingine. Msikubali kuuziwa ya gari. Ya gari hutoa nguvu zake kwa mkupuo, iamshe injini, basi. Ya karavani hutoa kidogo kidogo, usiku kucha. Na usiiache ishuke chini ya nusu. Umenisikia, fundi?"

Babu hakurudi nyumbani. Walimzika mwezi wa Mei.

Dukani, muuzaji aliwaletea Heledd na Bibi betri ya gari. "Ni ileile tu, binti."

"Si ileile," Heledd alijibu. "Hiyo ni ya kuamshia injini. Nataka ya kutoa kidogo kidogo."

"Lo! Nani kakufundisha?"

Heledd akaanza kuzisoma lebo za betri, moja moja.

Kiangazi walirudi Aberdaron, yeye na Bibi. Asubuhi Heledd aliinama na mita. "Kumi na mbili nukta nne, Bibi. Bado iko juu ya nusu."

"Umepima kweli?"

Swali lilimchoma, lakini alijua amelistahili. "Nimepima. Njoo uone."

Bibi akaja, akaisoma mita mwenyewe, akaitikia kwa kichwa. Kisha akafungua pazia. Kisiwa cha Enlli kilikuwa pale, karibu kana kwamba ungekigusa.

"Babu yako alikusamehe, nami nimekusamehe," Bibi alisema taratibu. "Lakini asubuhi hii ilikuwa yake, na hatuna namna ya kumpelekea. Ukipewa kazi, mwanangu, ifanye. Ikikushinda, sema siku hiyohiyo, wakati bado kuna la kurekebisha."

Alimimina chai. Bila kufikiri aliweka vikombe vitatu mezani, na hakuna aliyekiondoa cha tatu.