Nilimuua Mama kwa Mdomo ili Nipewe Ruhusa

Nina umri wa miaka thelathini na tatu, sina mke, sina timu, na ninaishi nyumbani kwa mama hapa Maguu, wilayani Mbinga. Ukipita barabarani ukaona mwanaume mwenye misuli ya miguu amekaa kwenye kigoda anachagua maharage, usiulize ni nani. Ndiye mimi.

Naandika haya nikiwa nimeinamisha kichwa. Wengi mtacheka, na mna haki. Hata mimi huwa nacheka... halafu nikimaliza kucheka naona haya mpaka masikio yanawaka.

Nilikuwa mchezaji wa mpira wa kulipwa. Nilicheza ligi kuu misimu minne, beki wa kushoto, katika klabu ambayo sitaitaja kwa sababu nimeshaiaibisha vya kutosha. Sikuwa nyota, nisiwadanganye. Nikipiga krosi, mashabiki waliokaa nyuma ya goli walikuwa wanainama kuokoa vichwa vyao. Lakini nilikuwa na pumzi ya mtu aliyekuwa akipanda milima kwenda shule, na kocha alikuwa ananiamini.

Tatizo langu lilikuwa moja tu. Nilikuwa napenda nyumbani!

Wenzangu wakitoka mazoezini walikuwa wanazungumza magari na wasichana. Mimi nilikuwa nawaza jiko la mama. Kambi yetu ilikuwa kwenye jiji la joto, feni inazungusha hewa ya moto, nami nimelala chali nikikumbuka ukungu wa Maguu, blanketi zito, na ugali kwa maharage yaliyokaa jikoni tangu asubuhi. Mwanaume mzima, ndevu zimejaa, nalilia maharage! Ningemwambia nani?

Mara moja nilijaribu kusema. Nilimwendea meneja wa timu nikamwambia ukweli, kwamba nimekumbuka nyumbani, naomba siku tatu nikamwone mama. Alicheka mpaka akashika meza. Akawaita na wengine waje wasikie. Tangu siku hiyo, nikikosea pasi mazoezini, kuna mtu lazima apaze sauti: "Jamani, mpigieni mama yake aje amnyonyeshe!"

Iliniuma... Nikaapa kwamba ukweli ule hautatoka tena kinywani mwangu. Hapo ndipo nilipopotea.

Maana niligundua jambo. Kambini ukisema umekumbuka nyumbani unachekwa. Ukisema umefiwa, hakuna anayecheka. Kila mtu anavua kofia, anakupa pole, anakutafutia tiketi!

Basi msimu ule nikamuua mama mkubwa. Mama mkubwa mwenyewe sina, mama yangu ndiye wa kwanza kuzaliwa kwao. Nikapewa siku tatu. Baadaye nikamuua na mama mdogo, huyu yupo kweli, anaishi Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa, na wakati nalia kwa meneja yeye alikuwa safarini kuja Maguu kutuletea dagaa. Nilipofika nilimkuta sebuleni. Nikala dagaa wa marehemu... na niliongeza!

Msimu uliofuata ulianza wakati kahawa yetu bado iko shambani. Nilijua mama anachuma peke yake na vibarua wachache. Usingizi ukakatika. Nikaanza kuzungukazunguka karibu na meneja, naye akanisoma mapema.

"Wewe ndugu zako wanakwisha," aliniambia mbele ya watu. "Safari hii mama mkubwa na mama mdogo sitaki kuwasikia. Labda afe aliyekuzaa."

Alikuwa anatania. Mimi nikalichukua kama maelekezo.

Wiki iliyofuata nilimgongea mlango nikiwa nimenawa macho kwa maji ya sabuni. Nikamwambia mama mzazi amefariki. Ndugu wasomaji, yule mtu alisimama, akanikumbatia, akaanza kulia yeye! Alikuwa amemzika mama yake mwaka uliotangulia. Akawa anarudia, "Nisamehe mdogo wangu, nisamehe kwa kauli yangu ile..."

Ningeweza kukiri pale pale. Kuna nini kigumu? Ningesema tu, meneja, nyamaza, mama ni mzima. Sikusema. Mtu mzima ananililia begani, nami nawaza basi la alfajiri!

Nyumbani nilimwambia mama nimeteguka kifundo cha mguu, nimepewa mapumziko. Nilijifunga bendeji, simu nikaizima. Siku tatu nilikaa kama mfalme. Mama ndiye aliyechuma, akamenya, akaanika, huku akiniletea chai na kuniuliza kama mguu unapungua maumivu. Nilimjibu kwamba unapungua kidogo kidogo.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi, timu yangu ilikuwa na mechi. Mama hajawahi kukosa mechi ya timu yangu redioni, hata nikiwa benchi. Alasiri aliiweka redio juu ya kichanja cha kahawa, akakaa na majirani wanne kuchambua punje mbovu. Mimi nilikuwa pembeni, mguu juu ya kigoda.

Mtangazaji akasema wachezaji wa timu zote mbili wamesimama kuzunguka duara la kati, wamefunga vitambaa vyeusi mikononi. Nikajiuliza, nani tena huyo kafa? Akasema ni dakika moja ya kumkumbuka mama mzazi wa beki wa kushoto... akataja jina langu, la baba, mpaka la babu! Akaongeza kwamba ujumbe wa klabu umeshaanza safari kuelekea Mbinga kushiriki msiba.

Halafu kukawa kimya.

Umewahi kuisikia dakika moja ya ukimya redioni? Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, unasikia upepo tu kwenye kipaza sauti. Uwanja mzima umesimama kwa ajili ya mama yangu, na mama yangu yuko mbele yangu na punje za kahawa kiganjani!

Wa kwanza kuongea alikuwa jirani yetu, Mama Kapinga, mtu wa utani. "He! Oliva, umekufa lini wewe mbona hukutuaga?"

Wanawake wakaangua kicheko. Kisha wakamtazama mama usoni, kicheko kikakatika.

Mama aliniuliza swali moja tu. "Ni wewe uliyesema?"

Nilimjibu kwamba kifundo kinaniuma.

Jioni ile nilimpigia magoti. Nilimwomba ashuke Mbamba Bay kwa mdogo wake siku mbili tu, wageni waje, waondoke. Nilikuwa naogopa mkataba wangu! Mama akasema, "Nitoroke kwangu? Watu wametoka mbali kuja kunizika, wafike nisiwepo?"

Kesho yake asubuhi mama mdogo aliingia. Alikuwa amesikia habari kwa watu, akapanda gari la kwanza kutoka ziwani, amejifunga kanga kiunoni, sauti imeshamkauka kwa kulia njiani. Alipomwona dada yake amesimama mlangoni alianguka chini. Tulimpepea kwa ungo mpaka akarudiwa na fahamu, akaendelea kulia upya, safari hii sijui kwa furaha au kwa hasira. Ndugu zetu wa kijiji cha Mkumbi nao wakafika kwa miguu na unga kichwani. Uwanja ukajaa. Msiba ulikuwa kamili, ila marehemu ndiye aliyekuwa akipanga viti.

Mchana likaingia gari la klabu. Alishuka meneja mwenyewe, akashuka nahodha wetu, akashuka Mzee Shabani, mtunza jezi, ambaye kwa umri wake hakustahili safari ile. Nahodha alibeba shada la maua ya plastiki.

"Shikamoo mama," meneja akasema kwa sauti ya chini. "Poleni sana na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni ndani. Marehemu ndiye mimi."

Jamani... kuna aibu unayoweza kuikimbia, na kuna ile inayokushika miguu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango na bendeji yangu.

Nahodha hakuelewa haraka. Akamnyooshea kidole yule aliyekuwa akilia kwenye mkeka, akauliza ni nani. Mama akamwambia ni mdogo wake wa Mbamba Bay.

"Huyu si ndiye tuliyemwombea msimu uliopita?" nahodha akauliza.

Mzee Shabani peke yake ndiye aliyeinua mikono akamshukuru Mungu kwamba mama ni mzima, na alishukuru kwa dhati. Ingekuwa heri angenipiga kofi!

Meneja hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Siku zote hizi nilikuwa najua ni mdomo wangu uliomuua mama yako. Sijalala." Akaenda kukaa ndani ya gari. Mama alimpelekea chakula huko huko, na akala.

Mkataba wangu ulivunjwa. Klabu nyingine nilizozigongea zilikuwa zimeshaisikia habari, na kila moja ilinipa pole kwa kicheko. Mbinga mjini wananiita Beki Msiba. Nikiingia dukani, kuna mtu lazima aulize leo nimemzika nani. Hayo nayavumilia, nimeyatafuta mwenyewe.

Lisilovumilika ni la mama. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza sala za wafiwa kwenye jumuiya yetu. Kukiwa na msiba, ni yeye wa kwanza kufika, na watu walikuwa wanatulia wakimwona. Baada ya mambo yangu, alikwenda kwenye msiba mmoja, akaanzisha sala, mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia... akacheka. Wengine wakafuata. Mama akamaliza sala, akarudi nyumbani, na tangu siku ile haendi tena. Nilimnyang'anya mama yangu kazi ambayo hakuna mshahara ungeilipa!

Ananipikia. Ananifulia. Maharage ninakula mpaka ninashiba, nyumbani niko mwaka mzima, ruhusa yangu haina mwisho. Si ndicho nilichokitaka?

Lakini kila asubuhi ninamwambia, "Shikamoo mama." Naye anapita na ndoo yake kana kwamba mlangoni hakuna mtu. Mwanzoni nilimfuata nikamwuliza kwa nini haitikii. Alinijibu mara ile moja tu, bila hasira, "Maiti haiitikii salamu." Sasa ni mwaka wa pili sijapata marahaba. Padre amejaribu, mama mdogo amejaribu. Mama anasema amenisamehe, ila sauti ya kuniitikia haiji.

Wewe unayesoma haya ukiwa kambini, bwenini, au kazini ugenini, umekumbuka kwenu na unatafuta ndugu wa kumuua ili upate ruhusa, nakuomba... acha! Nenda kwa mkubwa wako useme umemkumbuka mama yako. Atacheka. Atawaita wengine waje wacheke. Waache wacheke mpaka wachoke, halafu mpigie simu mama yako, umwamkie, usikilize anavyokuitikia.