Jeneza la Bwana Ashrafu

Kila Jumamosi nikitoka madrasa nilikuwa na safari moja tu: kibanda cha gemu cha Bwana Ashrafu, nyuma ya stendi ya Singida. Baba aliniruhusu kwa sharti kwamba adhuhuri inikute nyumbani. Nilikuwa darasa la sita, na katika gazeti la ukutani la shule yetu nilikuwa na kona yangu, "Gemu ya Wiki". Nilicheza, nikaandika ipi nzuri na ipi mbovu, na kila Jumatatu Mwalimu Yunisi, mlezi wa gazeti, alibandika maandishi yangu ubaoni.

Msidhani ilikuwa kazi ndogo. Hiyo ni miaka ile biashara ilipofunguliwa, bidhaa za nje zikawa zinaingia mjini kwa malori, nzuri na takataka pamoja. Elisha, mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa akitembea kwa miguu kutoka kijiji cha Mwankoko, aliuza mayai ya kuku wake ili apate kucheza gemu moja kwa wiki. Kabla ya kucheza alisoma kona yangu kwanza.

"Ukisema inafaa, nacheza," aliniambia. "Ukisema haifai, naenda zangu."

Jumamosi moja Bwana Ashrafu alinipokea kama bibi harusi. Soda, maandazi, kiti chenye mto. Kisha akatoa mfukoni gemu ndogo ya mkononi, ya betri, ikiwa bado kwenye boksi lake.

"Zawadi yako hii, mwandishi," alisema. "Nimeleta gemu mpya kutoka Dar, inaitwa Mfu Aliyeamka. Wewe iandike vizuri tu. Na Alhamisi shule ikitoka, nitawaonyesha kitu ambacho mji huu haujawahi kukiona. Lakini usimwambie mtu!"

Nilikaa nikacheza hiyo gemu mpya. Hatua ya pili tu, picha ikaganda. Bwana Ashrafu akaipiga mashine kofi na kusema, "Umeme huo." Nilijua si umeme, maana runinga ya pembeni ilikuwa inaendelea vizuri. Lakini zawadi nilikwisha kuificha kwenye mfuko wangu wa madrasa, chini ya juzuu. Nikikumbuka pale nilipoificha, hadi leo najichukia.

Nyumbani niliandika: "Hii ni nzuri kuliko zote. Haichoshi kuanzia mwanzo mpaka mwisho." Mwisho wenyewe sikuwa nimeuona.

Jumatano Elisha alinijia wakati wa mapumziko. "Radhia, si uliandika inafika mwisho? Imeganda hatua ya pili. Mayai yangu ya wiki nzima yamekwenda."

"Labda umeme," nilimjibu. Uongo huzaa haraka kuliko panya.

Siku ya pili yake, Alhamisi, kengele ya kutoka ilikuwa imelia tu tulipoona jeneza likija kutoka upande wa sokoni. Lilifunikwa shuka ya kijani, na vijana waliotangulia nalo walivaa kanzu. Kwetu jeneza likipita hakuna anayeuliza ni la nani. Wenye maduka huegesha milango, wanaume hutoka kupokezana, kila mmoja akabeba hatua chache kisha akamwachia mwingine. Siku hiyo mtaa mzima ulikuwa umetoka. Na mbele, upande wa kulia, aliyekuwa amebeba ni baba yangu, Mzee Mselemu fundi cherehani. Alikuwa pekupeku, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, midomo ikimwombea marehemu.

Walipofika lango la shule, wale vijana wa mwanzo wakasema tua. Bwana Ashrafu akajitokeza na kipaza sauti, akaivuta shuka.

Ndani kulikuwa na utumbo wa mbuzi, damu na nzi. Katikati ya uchafu huo kijana aliyefungwa sanda akainuka, akicheka. "Mfu ameamka!" Bwana Ashrafu alipiga kelele. "Njooni kwa Ashrafu!" Harufu ilitupiga sote. Mtoto wa darasa la pili alitapika kwenye sare yake. Wapo waliocheka pia, sitawaficha, lakini wazee waliobeba lile sanduku walikuwa wakitazama mabega yao kama wamepakwa kinyesi.

"Na yuko wapi mwandishi wetu?" kipaza sauti kiliendelea. "Radhia binti Mselemu, aliyeandika kwamba ni nzuri kuliko zote! Njoo uchukue zawadi ya pili!"

Baba akageuka taratibu. Akaniona.

"Radhia," alisema. "Ya kwanza ni ipi?"

Tulipofika nyumbani niliitoa ile gemu nikaiweka juu ya meza ya cherehani. Baba hakuigusa.

"Nimeuombea maghufira utumbo wa mbuzi," alisema kwa kinyaa. "Ulijua?"

"Nilijua kuna kitu, baba. Sikujua ni hiki."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza." Ningeulizaje, na mkono wangu ulikwisha kupokea?

Kesho yake tulikwenda wote kibandani. Nilirudisha zawadi kwa mikono yangu mwenyewe. Bwana Ashrafu alicheka. "Mzee Mselemu, ni matangazo tu! Si biashara imefunguliwa siku hizi?"

"Biashara imefunguliwa, Ashrafu," baba alimjibu. "Msiba haujawa bidhaa." Tukaondoka.

Mwalimu Yunisi naye hakunionea huruma. "Kaa hapo, andika yote," aliniambia. Niliandika kwamba gemu inaganda hatua ya pili, kwamba sikuifikisha mwisho, kwamba nilipewa zawadi ndipo nikaisifu. Ilipobandikwa Jumatatu nilitamani ardhi inimeze. Nilimpelekea Elisha mayai ya kuku wetu. Aliyapokea.

"Na kona yangu utaisoma tena?" nilimuuliza.

"Nitaisoma," alisema. "Ila kuamini, bado."

Wiki hiyohiyo Mzee Abdillahi, muuza karanga wa sokoni, alifariki. Alikuwa baba mdogo wa Bwana Ashrafu, na ndiye aliyemlea. Jeneza likatoka, Bwana Ashrafu mbele, macho mekundu. Nilikuwa nimekaa barazani kwa baba nikimsaidia kukata nyuzi, nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Hakuna aliyetoka. Watu walichungulia milangoni, wakamwona Ashrafu, wakarudi ndani. Mmoja alisonya. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Mfu ameamka!" Ashrafu na wenzake watatu walibeba wenyewe, bila wa kuwapokea, jasho na machozi vikichanganyika. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mzee Abdillahi hakuwa amechuma chochote.

"Hilo ni la kweli," baba alisema. Akatupa mkasi, akakimbia pekupeku, akaingiza bega. Mtaa ulipomwona Mselemu amebeba, milango ikaanza kufunguka, mmoja mmoja. Makaburini, nilisikia baadaye, Bwana Ashrafu aliomba radhi mbele ya watu wote. Kabla mwezi haujaisha, ile mashine mbovu aliiondoa.

Jioni ya siku ile ya mazishi baba aliniita kwenye cherehani. Siku zote alikuwa na bakuli la maji hapo. Mteja akileta kitambaa, baba hutosa pembe yake majini, akaisugua kwenye kitambaa cheupe, aone kama kinachuja rangi, ndipo aseme neno.

"Mfanyabiashara mmoja aliwahi kuniletea jora zima la kitenge, bure, ili niwasifie wateja vitenge vyake," alisema. "Nilimrudishia. Unajua kwa nini?"

"Kilikuwa kinachuja?"

"Sijui. Sikuwa nimekitosa. Ningekipokea, nisingekitosa kamwe." Akalisogeza bakuli mbele yangu. "Watu hawana muda wa kujaribu kila kitu, mwanangu, ndiyo maana wanatuamini wewe na mimi. Leo umeona mji ukiacha kuamini hata jeneza. Anayekuamini usimuuze, hata kwa zawadi nzuri namna gani."

Jumatatu iliyofuata Elisha alisimama ubaoni muda mrefu, akasoma kona yangu mpaka mstari wa chini kabisa: "Nimeicheza mara tatu, mpaka mwisho. Sikupewa kitu." Kisha akaenda kutafuta mayai yake ya kuuza.