Habari Aliyoisoma Hedwiga

Kila siku kabla ya kwenda nyumbani, wanafunzi wa shule moja ya msingi mjini Mbinga husimama mstarini, na mmoja wao husoma habari. Muhula huu msomaji alikuwa Hedwiga wa darasa la sita. Sauti alikuwa nayo, hilo hatumnyimi. Ila alipenda makofi kuliko ukweli, na habari za bei ya kahawa hazikumpatia makofi.

Jumatano alikwenda nyumbani kula chakula cha mchana, akamkuta mama yake akizungumza kwa simu na mjomba Ignatio. Mjomba huyu alikuwa msemaji wa kampuni ya ndege kule Songea. Ndege yao ilikuwa imeteleza kwa mvua wakati wa kutua, gurudumu la mbele likazama kwenye tope. Hakuna aliyeumia. Hedwiga aliomba simu, akamwamkia mjomba, akataka kujua zaidi.

"Usimwambie mtu, mwanangu," mjomba alisema. "Tunawapigia kwanza ndugu wa abiria. Tukimaliza ndipo tunawapa watu wa redio."

Hedwiga akamwuliza kama wanaficha ili watu wasiogope kupanda ndege zao. Mjomba alikiri kwamba hata hilo lipo, kisha akakata simu maana kazi zilikuwa nyingi.

Alasiri, aliporudi shuleni, Hedwiga alisimama mbele ya shule nzima. Nani atapigia tope makofi? Akasoma kwa sauti nzito: "Ndege ya abiria imeanguka Songea leo. Idadi ya waliokufa bado haijajulikana."

Mwalimu wa zamu alimnyang'anya karatasi, lakini mwanafunzi mwenzake, Tadea, alikuwa ameshatoka mstarini mbio, begi ameliacha chini. Mama yake, muuguzi, alikuwa akirudi na ndege hiyo kutoka Dar es Salaam.

Nyumbani Tadea alimkuta Bibi Restituta, mama wa mama yake. Walipiga simu ya mama, haikupatikana, kwa kuwa ilikuwa imeisha chaji. Majirani hawakuuliza mara mbili, maana msibani hakuna anayesubiri kualikwa. Wanawake walifika na kuni na unga wa mahindi, wanaume wakapanga mabenchi, moto ukawashwa uani. Bibi alilia sana. Kisha akanyamaza ghafla, akaanguka; wakadhani amezimia kwa uchungu, wakamlaza mkekani.

Jioni mama Tadea alishuka kwenye bodaboda, viatu vimejaa tope, akakuta watu wanamlilia yeye. Wengine walikimbia kwa hofu. Yeye alimwona mama yake mkekani, mdomo umepinda upande mmoja, akajua ni kiharusi.

Kesho yake mjomba Ignatio alikuja kutoka Songea, akampeleka Hedwiga hospitali alikolazwa Bibi. Mbele ya majirani waliokaa nje ya wodi, Hedwiga alieleza alichosikia na alichokiongeza. Alilia, na hakuna aliyembembeleza. Tadea alimtazama tu.

"Bibi hawezi tena kuniita jina langu," alisema.

Mama Tadea alimgeukia Hedwiga. "Mimi nimekusamehe, kwa sababu mimi ni mzima. Bibi kamwombe mwenyewe."

Hedwiga aliingia, akapiga magoti, akaomba radhi. Bibi alimkazia macho. Midomo yake ilitetemeka kwa muda mrefu, na neno halikutoka.

Wakati wa kurudi nyumbani, mjomba alizungumza naye bila kumkaripia.

"Nilimpigia Bibi simu kumwambia binti yake ni mzima. Aliyepokea ni jirani, akasema Bibi ameshaanguka, akakata kabla sijamaliza. Kampuni inalinda jina lake, sikatai. Lakini tunaanza na ndugu kwa sababu habari ina mtu itakayemfikia. Kabla hujaisema, mfikirie huyo mtu. Kisha sema unalolijua, ukomee hapo, hata kama ni tope tu."

Hedwiga akauliza, "Mjomba, Bibi atapona?"

Alikuwa anatamani sana kusikia ndiyo, na mjomba alilijua hilo.

"Sijui, mwanangu," alimjibu. "Na nisilolijua sitakwambia."